Posta Aliyoichora Babu

Baba yangu alikuwa na mtu mmoja aliyempenda na kumkasirikia kwa pamoja, na hawakuwahi kuonana. Alikuwa Mswidi, msanifu majengo na mhandisi, ambaye serikali ya Wabelgiji ilimwajiri mwanzoni mwa karne iliyopita na mwishowe ikampeleka kujenga mjini kwetu ziwani, Usumbura, kabla haujaitwa Bujumbura. Nyumbani tulimwita Mhandisi, basi, kama vile duniani hakuna mwingine. Siku ya kwanza tulipofikishwa Sweden, mtaa wa Tensta pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya nne, baba alisimama dirishani na koti bado mwilini, akatazama majengo ya saruji yaliyopangana mpaka macho yakachoka, akasema, "Kumbe ndiyo kwao hapa."

Ninaandika haya kwa sababu nilimharibia baba kitu ambacho hakikuwa na cha pili, na nimechoka kukaa nalo.

Habari za Mhandisi nililishwa pamoja na uji. Baba alizipata kwa baba yake, akatusimulia vipande vipande, leo daraja, kesho homa. Mhandisi alizaliwa kaskazini mwa Sweden, mtoto wa seremala, akasomea Stockholm, akakosa kazi ya maana kwao. Wabelgiji walikuwa wanatafuta watu. Akaanzia upande wa magharibi wa Kongo, akijenga maghala na stesheni za reli, akaugua homa ya mkojo mweusi iliyowaua wenzake, yeye akapona. Baada ya vita vya kwanza vya wazungu wakamvusha mpaka ziwani, akawa msimamizi wa majengo ya serikali. Alijenga posta, forodha, mahakama, nyumba za maofisa, na mifereji ya maji ya mvua ambayo baba aliapa kwamba ilikuwa bado inafanya kazi siku tuliyokimbia. Mahakama ilivuja. Wakubwa walimlaumu, wakamhamishia barabarani akasimamie makalvati ya kupitishia maji, mtu aliyekwisha kujenga mahakama. Kwinini aliyomeza kwa homa ikamla masikio. Akarudi kwao kiziwi, na baba hakujua yaliyofuata, ila alisema mtu wa namna ile hawezi kuwa alikufa akicheka.

Babu alikuwa mkono wa Mhandisi. Ndivyo tulivyofundishwa. Mhandisi alichora kwa penseli kwenye karatasi, halafu babu akatandaza juu yake kitambaa kigumu cha kitani, cha samawati iliyofifia, kinachong'aa upande mmoja na kuonyesha kilicho chini yake. Akafuata kila mstari kwa wino mweusi. Karatasi ya penseli ilitupwa. Kitambaa ndicho kilichohifadhiwa, na kwacho zilitolewa nakala za kupelekewa mafundi. Mhandisi alitia sahihi kwenye kona. Chini ya sahihi hiyo, kwa mwandiko mdogo kama mayai ya chawa, babu aliweka herufi mbili za jina lake, jambo ambalo hakuruhusiwa. Ama Wabelgiji hawakuziona, ama walidhani ni uchafu.

"Yule alisaini," baba alikuwa akisema. "Aliyechora ni baba yangu. Na ile veranda ya magharibi ni akili ya baba yangu, maana mzungu hakujua jua la ziwani la saa kumi linavyopita chini ya paa."

Siku Mhandisi alipoondoka alimpa babu mchoro wa posta, kitambaa chenyewe. Babu akamwachia baba. Mwaka tuliokimbia vita, baba alitoka nyumbani na vitu viwili: Biblia na kile kitambaa, kimekunjwa ndani ya kipande cha bomba. Tulitembea siku tatu kwenda mpaka wa Tanzania. Mvua ilinyesha siku zote tatu. Mume sikuwa naye tena, na mgongoni nilimbeba binti yangu wa miaka mitatu. Karatasi ya plastiki tulikuwa nayo moja. Baba aliizungushia bomba. Mtoto wangu alilowa, akashikwa na kifua kilichomtesa miezi, na mchoro wa posta ukafika kambini mkavu. Sikusema kitu, kwa sababu kwetu baba haulizwi. Lakini sikusahau, na sitajidanganya hapa kwamba kinyongo hicho hakikuwemo mikononi mwangu siku ile ya Jumanne nitakayoieleza.

Kuhusu kitambaa hicho baba alitupa amri moja tu: maji ni mwiko kwake. Usikiguse kwa mkono uliolowa, usikisogeze karibu na sufuria. Hakusema kwa nini. Kwetu mwiko hauna kwa nini. Tulikuwa nayo mingi ya namna hiyo: usifagie jioni, usipige mluzi ndani, usiruke miguu ya aliyekaa. Sweden niliivunja yote mmoja mmoja. Nilifagia jioni kwa sababu jioni ndipo nilipotoka kazini. Hakuna kilichotokea. Nikawa nacheka peke yangu, nikisema wazee wetu walitusumbua bure.

Kazi yangu ilikuwa kufua. Niliajiriwa kwenye chumba cha nguo cha nyumba ya wazee kule Hässelby, na nasema bila aibu kwamba hapakuwa na doa lililonishinda. Divai, damu, kahawa, dawa za maji, yote niliyajua kwa harufu. Vikongwe wa Kiswidi walinikabidhi vitambaa vya meza vya bibi zao, wakavipokea vikiwa vyeupe, wakanishika mkono. Ukifika nchi ya watu huna jina, unashukuru kupata hata kitu kimoja ambacho watu watakujua nacho.

Binti yangu alikuwa sekondari ya juu wakati huo. Alikuwa na kazi ya shule kuhusu Mswidi aliyefanya kazi ng'ambo, na kwa kuwa alikulia katika habari za Mhandisi, alimchagua yeye. Maktaba wakamwelekeza kwa mama mmoja mtafiti aliyekuwa akiandika maisha ya Mhandisi na kuandaa maonyesho madogo katika ofisi ya nyaraka mjini. Binti akampigia simu sebuleni kwetu, sauti imewekwa wazi, baba amekaa pembeni amevaa tai. Kwa simu, tai.

Mama yule alisema mengi ambayo baba hakuyajua. Mhandisi aliporudi alijenga shule moja na mnara mmoja wa maji, basi, hakuna aliyempa kazi nyingine. Alifia katika chumba cha kupanga hapa hapa Stockholm. Aliacha picha na barua, lakini mchoro wa Usumbura haukubaki hata mmoja. Na katika barua moja aliwaandikia nduguze kwamba kule ziwani hana msaidizi, kila mstari anauchora mwenyewe.

Binti yangu alitafsiri hilo kwa sauti ya chini. Baba akainyoosha tai yake.

"Mwambie hiyo barua ni ya uongo," akasema. "Mwambie miye ninao."

Kule upande wa pili yule mama akaongea haraka haraka. Binti akageuka, uso umemchangamka. Akatuambia mama yule amesema kama mchoro upo, na herufi za babu zipo, basi jina la babu litaandikwa kando ya jina la Mhandisi, kwenye maonyesho na kwenye kitabu. Tuulete Alhamisi ya wiki ijayo.

"Kando kwa kando?" baba akauliza.

"Ndivyo alivyosema, babu."

Moyo wa baba ulikuwa umekwisha kuchoka siku hizo, kila mwezi daktari anambadilishia vidonge. Jioni ile alikula sahani nzima. Aliniambia, "Mama, nikiliona jina hilo ukutani, Mungu anichukue siku anayotaka." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Binti alitaka kuupiga mchoro picha kwa simu, baba akakataa, akasema kitu cha heshima hakionyeshwi vipande vipande, wataona Alhamisi.

Jumanne ilikuwa zamu yetu kwenye chumba cha kufulia cha jengo. Wanaokaa Tensta wanajua: zamu ya kufua huiachi, heri uache harusi. Baba alikuwa ameenda kliniki na mjukuu wake. Nikasema, hebu nikitazame kitambaa hiki kinachotupeleka kwa watu.

Kilikuwa kichafu. Kilikuwa na masizi ya kambini, duara la mafuta, mavi ya panya kwenye pindo, na kilinuka moshi wa kuni mbichi. Posta ilikuwepo, ngazi zake, veranda yake, madirisha yake, na pale chini herufi za babu. Lakini mimi niliona uchafu. Nikamfikiria yule mama wa nyaraka akikifungua mezani kwake na kujizuia asizibe pua, nikahisi uso umepata moto. Mgeni akienda kwa watu na kitu kichafu, haambiwi, lakini atasemwa. Nikasema, Alhamisi baba atafungua kitambaa na kitanukia sabuni, ataniuliza nani kakisafisha, nitamwambia ni mimi. Mwiko ulinijia kichwani. Nikajibu moyoni, tumeshafagia jioni miaka mingapi.

Sikukitia mashine, mimi si mjinga. Nilitumia sinki, maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, ile laini ya sakafu za mbao. Nilianza na pindo. Maji yakawa meupe mazito, yakateleza vidoleni kama maji ya wali, na mimi nikafurahi. Naomba ieleweke hivyo: nilifurahi. Niliona uchafu wa miaka yote unatoka. Nikazamisha chote, nikasugua taratibu kwa kiganja.

Nilipokigeuza, mistari ilikuwa imeachana na kitambaa. Ilielea. Nilikitoa nikakitandaza juu ya taulo nikikandamiza kukikausha, na taulo likachukua ngazi na madirisha. Pale penye sahihi palibaki wingu la kijivu, nikalisugua kwa kidole, sijui kwa nini nililisugua, labda nilikuwa natafuta zile herufi mbili chini yake. Likatoka.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi mikono yangu haikujua kazi nyingine. Nilikisuuza, nikakitia kwenye kabati la kukaushia, kisha nikakipitisha kwenye ile mashine ya magogo mawili wanayolainishia mashuka. Kikatoka kitani kizuri ambacho mfano wake sijawahi kuushika, cheupe, chepesi, hakina hata alama.

Baba aliporudi kilikuwa mezani, kimekunjwa mara nne. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia niliona aibu kukipeleka kichafu. Alikigusa kwa nyuma ya vidole.

"Kumbe ni laini hivi," akasema. Kisha, "Na zile herufi?"

"Hazipo, baba."

Akakaa, akavua viatu mwenyewe, ambavyo kila siku nilimvua mimi. Binti yangu alisema kitu kwa Kiswidi, kifupi, sitaki kukiandika, akaingia chumbani.

Kesho yake ndipo baba alipoeleza. Kitambaa kile kilikandikwa wanga mzito ndipo kipokee wino, na wino unakaa juu ya wanga, hauingii kwenye nyuzi. Wake wa Wabelgiji walikuwa wakiomba michoro ya zamani ofisini, wanaichemsha, wanapata kitani cha leso na magauni ya ubatizo. Babu aliona kazi zake zikipangusiwa pua. Ndiyo maana ule mchoro mmoja uliobaki akauwekea mwiko.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Nilikwambia maji ni mwiko."

"Hukuniambia kwa nini."

"Hukuuliza," akasema, wala hakusema kwa ukali.

Nilidhani hatutakwenda. Alhamisi asubuhi nilimkuta amevaa suti. Tulipanda treni ya chini ya ardhi, laini ya buluu, sisi watatu, kitambaa kikiwa kwenye mfuko mapajani mwangu.

Yule mama alikuwa wa rika langu, nywele fupi za mvi. Alikuwa ametandika meza karatasi laini, ameweka lenzi na vizito vya kubania pembe. Ametuandalia na kahawa na keki. Nilipotoa kile kitambaa cheupe alitazama mfukoni, akidhani mchoro uko nyuma yake.

Nilifungua kinywa. Baba akaniwahi.

"Nilikifua miye," akasema.

Binti yangu aligeuka kunitazama.

"Tafsiri," baba akamwambia.

Akatafsiri. Mama yule akauliza kwa nini, kwa upole kabisa, kama unavyomuuliza mgonjwa. Baba akajibu, "Niliona aibu kukileta kichafu." Yalikuwa maneno yangu ya Jumanne, aliyachukua yote. Mama akakiinua kwenye taa, akakipitia kwa lenzi inchi kwa inchi. Alieleza kwamba kalamu huacha mkwaruzo, na hata wino ukitoka mkwaruzo huweza kuonekana. Kisha akauliza kama kimepigwa pasi. Baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika pasi, akasema ndiyo, miye.

Nilikaa kimya. Kinywa nilikuwa nacho, na Kiswidi changu kilitosha kwa sentensi moja. Najua sentensi yenyewe, nimeshaisema mara nyingi tangu hapo nikiwa peke yangu jikoni.

Baba akaomba karatasi na penseli. Akasema atauchora, ameutazama tangu utotoni. Alianza vizuri: ngazi, nguzo za veranda, mlango wa kati. Alipofika madirisha ya juu akasimama. Akaweka manne, akafuta, akaweka sita, akafuta. Akaniuliza, "Mama, yalikuwa mangapi?" Miaka yote ile kitambaa kilikuwa nyumbani kwangu, na sikujua.

Yule mama aliichukua ile karatasi kwa mikono miwili, akashukuru. Akasema anamwamini baba, ila kitabuni hawezi kuandika anachoamini, anaandika anachokiona.

Maonyesho yalifunguliwa majira ya kuchipua. Tulikwenda siku ya kazi, watu wachache. Kulikuwa na picha kubwa ya Mhandisi amesimama mbele ya posta, mwembamba, kofia mkononi, na nyuma yake wanaume saba weusi kwenye ngazi. Binti alitusomea maandishi ya chini ya picha: Mhandisi na wafanyakazi wenyeji. Baba alisogea mpaka mlinzi akakohoa. Akaelekeza kidole, "Ni huyu." Akatazama tena. "Au huyu." Tulisimama pale mpaka miguu yake ikamchosha, akaenda kukaa kwenye benchi, akasema veranda inaonekana vizuri.

Alifariki mwaka uliofuata, hospitali, mchana, mimi nikiwa kazini nafua. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja. Mtu akikulaumu unapata pa kushika, unajitetea, mnagombana, mnasameheana. Mimi nilipewa msamaha ambao sikuuomba, na sikujua niuweke wapi.

Kitabu kilitoka baada ya miaka minne. Yule mama alitutumia nakala kwa posta, na kadi ya pole. Binti yangu alikuwa mtu mzima sasa, amehamia Jordbro, akaja Jumapili tukakifungua pamoja. Ni kitabu kizito, maisha yote ya Mhandisi yamo, seremala na homa na mahakama iliyovuja na chumba cha kupanga. Kuhusu Usumbura kimeandika kwamba, kwa kadiri inavyojulikana, alifanya kazi bila mchoraji aliyefunzwa. Pembeni ya sentensi hiyo kuna namba ndogo, na namba hiyo inakupeleka nyuma ya kitabu, kwenye herufi za kuchosha macho. Huko imeandikwa kwamba familia moja kutoka Burundi ilidai kuwa na mchoro halisi wa posta, lakini mwenye nao aliufua kabla haujapigwa picha. Jina la baba liko hapo, la kwanza na la ukoo, limeandikwa sawasawa bila kosa. La babu halipo.

Binti yangu alikifunga kitabu mapajani. Tangu akiwa mdogo ananijibu kwa Kiswidi, hata nimtukane kwa Kiswahili. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta kila neno.

"Mama, tumwandikie? Tumwambie si babu aliyeufua?"

Nikamwambia ndiyo, tutamwandikia kesho. Ni miaka miwili sasa, na hajaniuliza tena.